Kupasua mwamba wa kisima kwa presha ya maji: piga hesabu kabla ya kuwasha pampu

Ukichimba kisima kirefu Nakasongola, Mubende au Soroti, mara nyingi utapita mita chache za murram, kisha jiwe lililooza, halafu mwamba mgumu wa granaiti au naisi mpaka mtambo uzimwe. Jiwe gumu lenyewe halina maji ya kutegemea. Maji yamehifadhiwa kwenye lile tabaka lililooza, na yanasafiri kupitia nyufa. Shimo likikosa ufa mzuri kwa mita moja tu, kijiji kinabaki na kisima cha mita 80 kinachotoa maji ya kunawa uso.

Kuna njia ya kukiokoa kisima kama hicho: unashusha kizibo cha mpira ndani ya shimo, unasukuma maji safi chini yake kwa presha kubwa mpaka nyufa zifunguke. Njia hii inafanya kazi. Nimeona kisima kilichokuwa kimeachwa kikirudi kuhudumia shule nzima. Nimeona pia pesa zilizochangwa na kijiji zikiishia ardhini kwa sababu hakuna aliyekaa na kalamu kuuliza ufa utafunguka kwa presha gani, utafika wapi, na upande wa pili kuna maji kiasi gani. Hesabu za maswali hayo matatu ndizo tutakazofanya hapa, na kalkuleta yenye logi (ya msingi wa 10) inatosha, ingawa Excel au LibreOffice itakurahisishia. Namba ni za kisima cha mfano. Zibadilishe uweke zako.

Wengi wakisikia habari ya kupasua mwamba wanafikiria mafuta ya Ziwa Albert. Kule kwenye miradi ya mafuta ya Tilenga na Kingfisher hali ni tofauti: mafuta yako kwenye tabaka za mchanga unaopitisha vizuri, na maji husukumwa chini ili kushikilia presha. Mhandisi wa huko anahitaji hesabu ya mkazo wa mwamba ili ajue kikomo asichopaswa kukivuka. Sisi tunaihitaji ili tukivuke kwa makusudi, mahali tulipopachagua.

Hatua ya 1: Pata historia ya shimo

Anza na kumbukumbu za uchimbaji. Unatafuta mahali jiwe lililooza linapoishia, keisingi (bomba linalozuia kuta za shimo zisiporomoke) imekaa kina gani, maji yalitokea mita ya ngapi, na yalipimwaje. Fomu nyingi zinajazwa jioni, watu wamechoka, kwa hiyo mtafute pia fundi aliyeshika usukani wa mtambo. Kwenye mitambo mingi hapa Uganda wafanyakazi wanatoka kila upande, kutoka West Nile hadi Kitale na Mwanza, na lugha ya kazi ni Kiswahili. Mwulize: "Mzee, nyundo iliruka wapi? Ni wapi vumbi liligeuka tope?" Nyundo ikishuka ghafla kwa sentimita chache, au unga wa jiwe ukibadilika kuwa wa kahawia wenye kutu, hapo pana ufa, hata kama fomu haisemi kitu.

Kisima chetu cha mfano kina mita 80 na kipenyo cha milimita 160. Jiwe lililooza linaishia mita 28, keisingi imefika mita 32, maji yametulia mita 14 kutoka juu. Karibu maji yote yanaingia kwenye ufa wa mita 47. Kuna ufa mwingine mita 61, karibu mkavu.

Hatua ya 2: Chora

Kwenye karatasi moja chora tabaka, keisingi, nyufa mbili, usawa wa maji, na vyoo vya shimo vilivyo karibu pamoja na umbali wake. Vyoo usivisahau, tutavirudia.

Hatua ya 3: Pima uwezo wa mwamba kupitisha maji

Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Shimo la milimita 160 linabeba lita 20 kwa kila mita, yaani jerikeni moja kamili. Ukipampu jerikeni 20 kwa saa na maji yakashuka karibu mita 30, jerikeni 30 kati ya ulizotoa zilikuwa maji yaliyokaa ndani ya shimo tokea mwanzo. Jaribio la saa tatu kwenye kisima dhaifu linapima shimo pamoja na mwamba.

Kanuni ya kukadiria lini maji ya shimo yanaacha kukudanganya ni hii: muda kwa siku = 25 × r² ÷ T, ambapo r ni nusu kipenyo kwa mita, na T ni uwezo wa tabaka kupitisha maji, kwa mita za mraba kwa siku. Kwa r ya 0.08 na T ya 0.3 unapata siku 0.53, karibu saa 13. Kwa hiyo pampu saa 24 kwa kiwango kimoja kisichobadilika, halafu zima na upime maji yanavyopanda. Msimamizi akisema muda haupo, mweleze habari ya jerikeni 30. Mimi nimekuta inaeleweka haraka kuliko kanuni.

Katika mfano tumepampu mita za ujazo 0.4 kwa saa, sawa na 9.6 kwa siku. Kati ya saa ya 13 na ya 24 maji yameshuka mita 1.56. Logi ya 24/13 ni 0.266. Gawa 1.56 kwa 0.266 upate mita 5.9: huo ndio mteremko kwa kila mara muda unapozidi mara kumi. Kisha tumia kanuni ya Cooper na Jacob ya mwaka 1946, ambapo Q ni mita za ujazo unazopampu kwa siku:

T = 0.183 × Q ÷ mteremko = 0.183 × 9.6 ÷ 5.9 ≈ 0.3

Rudia kwa namba za maji yanapopanda. Majibu mawili yakiachana mara mbili au zaidi, tafuta kosa kabla ya kuendelea.

Hatua ya 4: Ufa una unene gani, na kuufungua kutaleta nini?

Maji yanayopita kati ya kuta mbili za ufa laini yanafuata kipeo cha tatu cha unene wake: T = 817,500 × w³, ambapo w ni unene kwa mita na T sasa ni kwa sekunde. T ya 0.3 kwa siku ni 0.00000347 kwa sekunde, na w inatoka kama milimita 0.16. Kijiji kizima kinakunywa kupitia mwanya wa karatasi moja na nusu! Mwanya huo ukifika milimita 0.3 tu, T inazidi mara sita na zaidi. Ndiyo maana kuosha udongo uliokwama ndani ya ufa kunaweza kuleta mabadiliko makubwa kuliko kuvunja jiwe jipya.

Lakini presha haifungui ufa wote mpaka kilometa moja. Inafungua kipande kilicho karibu na shimo, na mbali zaidi mwamba unabaki ulivyokuwa. Njia rahisi ya kuingiza jambo hilo kwenye hesabu ni kuchukulia kwamba shimo limepanuka: badala ya nusu kipenyo cha mita 0.08, weka mita 2, au 5. Tukiruhusu maji yashuke mita 30 kwa siku moja ya kupampu, yaani yabaki mita 3 juu ya ufa, basi:

Q = 30 × T ÷ (0.183 × logi ya [2.25 × T × t ÷ (R² × S)])

T hapa imerudi kuwa kwa siku, t ni siku za kupampu (kwetu 1), R ni hiyo nusu kipenyo iliyopanuliwa, na S ni kipimo cha maji ambayo tabaka linaachia. Jaribio la kisima kimoja haliwezi kukupa S ya kuaminika, kwa hiyo nimeweka 0.001, na baadaye tutaona namba hiyo inavyoweza kukuangusha. Majibu:

- R = 0.08 (kisima kilivyo leo): 9.8 kwa siku, jerikeni 20 kwa saa.
- R = 2: 22 kwa siku, jerikeni 46 kwa saa.
- R = 5: 34 kwa siku, jerikeni 71 kwa saa.

Soma namba hizo taratibu. Mita mbili za kwanza zimeongeza jerikeni 26. Mita tatu zilizofuata zimeongeza 25. Kwa kila mita, zile za kwanza zimeleta zaidi. Usiipeleke kanuni hii kwenye R kubwa kuliko hapo, kwa siku moja tu ya kupampu inaanza kukosea. Mtu akikuahidi muujiza kwa sababu pampu yake inapasua mita 50 kwenda mbali, mwonyeshe hesabu hii. Mali iko karibu na shimo.

Hatua ya 5: Presha ya kufungua

Uzito wa mwamba ulio juu ya ufa ni msongamano × 9.81 × kina. Kwa kilo 2,700 kwa mita ya ujazo na kina cha mita 47 unapata bar 12.4 (bar moja ni karibu presha ya mita 10 za maji). Maji yaliyomo ndani ya ufa yana presha ya mita 33 (47 kutoa 14), yaani bar 3.2.

Mkazo wa mlalo hauonekani kwa macho, kwa hiyo piga hesabu ya pande mbili. Karibu na bonde la ufa la magharibi ardhi inavutika, na mkazo mdogo wa mlalo uko chini ya ule wa wima. Ukichukua mwamba uliokaa kwa uzito wake tu, unapata kama bar 6.3. Mbali na bonde, kwenye granaiti ya kina kifupi, mkazo wa mlalo mara nyingi unazidi wa wima. Weka, kwa mfano, 18.6 kwa ule mdogo na 31 kwa ule mkubwa.

Kupasua jiwe zima, kanuni ya Hubbert na Willis ya mwaka 1957 inasema:

Presha = 3 × mkazo mdogo − mkazo mkubwa + nguvu ya jiwe dhidi ya kuvutwa − presha ya maji ya ndani

Granaiti nzima ina nguvu ya kama bar 50 hadi 100 dhidi ya kuvutwa, tuchukue 60. Upande wa kwanza, mkazo mkubwa ukiwa bar 9: 18.9 − 9 + 60 − 3.2 = bar 66.7. Upande wa pili: 55.8 − 31 + 60 − 3.2 = bar 81.6. Tazama kinachobeba hesabu: ni nguvu ya jiwe, wala si kina.

Sasa linganisha na ufa ambao tayari upo. Huo hauna jiwe la kuvunja, unatakiwa kuzidi tu mkazo unaoufunga. Ukiwa wima kwenye hali ya kwanza ni bar 6.3. Ukiwa wa mlalo ni bar 12.4, uzito wote wa mwamba wa juu. Pengo kati ya 12 na 80 ndilo linalokuambia uweke kizibo wapi: juu kidogo ya ufa unaojulikana, ili presha yote iushike ufa huo kwanza. Ukikiweka kwenye jiwe zima unalipia dizeli kuvunja mahali ambapo maji hayapo.

Kumbuka geji iko juu ya ardhi. Bomba lililojaa maji mpaka mita 47 tayari linasukuma bar 4.6 chini. Geji ikisoma 8, ufa unahisi 12.6, ukitoa msuguano wa bomba. Kosa hili nililifanya mwanzoni, nikaandika kwamba mwamba ulifunguka kwa presha ndogo kuliko uzito wake, na ripoti nzima ikabidi iandikwe upya.

Hatua ya 6: Ufa utafika wapi?

Chukulia ufa kama sahani ya duara inayofunguliwa kwa presha p iliyozidi mkazo:

V = 16 × (1 − ν²) × p × R³ ÷ (3 × E)

V ni maji yaliyo ndani ya ufa. Kwa ν (uwiano wa Poisson, yaani jiwe linavyotanuka pembeni likibanwa) ya 0.25, ugumu E wa bar 200,000 kwa mwamba wenye nyufa, na p ya bar 5, ufa wa nusu kipenyo cha mita 10 unabeba lita 125 tu. Ndani katikati umefunguka milimita 0.6. Ukisukuma mita 3 za ujazo na asilimia 70 zikavuja kwenye nyufa za pembeni, lita 900 zinabaki ndani, na R inafika kama mita 19.

Sasa rudi kwenye mchoro. Kutoka mita 47 hadi mwisho wa jiwe lililooza, mita 28, kuna mita 19. Ufa ukisimama wima, umefika juu ya mwisho wa keisingi na kugusa tabaka ambalo vyoo vya shimo vinavujia. Umeongeza maji, na umefungulia kinyesi njia. Jambo hili linaniuma kuliko lolote katika kazi hii, kwa sababu halionekani siku hiyo, linaonekana miezi baadaye watoto wakianza kuharisha.

Kwa hiyo jiwekee kikomo cha R, mfano mita 15. Hesabu inarudi nyuma: lita 125 × 1.5³ ni lita 420. Ukigawa kwa asilimia 30 inayobaki, unapata mita za ujazo 1.4. Hicho ndicho kiasi cha awamu ya kwanza kwenye mita 47. Pampu zinazokodishwa zinaweza kusukuma zaidi ya hapo bila shida, ila wewe ndiye unayezima. Ufa wa mita 61 uko mbali na tabaka la juu kwa mita 33, huko unaweza kuwa mkarimu zaidi.

Pampu ikizimwa, ufa unafumba. Kinachobaki wazi ni pale kuta zilipoteleza kidogo zikakosa kulingana, na pale udongo ulipooshwa. Ndiyo sababu kwenye hatua ya 4 nilitumia mita 2 na 5, sikutumia 15.

Hatua ya 7: Je, maji yenyewe yapo?

Mita za ujazo 34 kwa siku ni karibu 12,500 kwa mwaka. Ukichukua kwa tahadhari kwamba milimita 30 za mvua zinazama mpaka kwenye maji ya chini kila mwaka, kisima kinahitaji mvua ya hekta 42, zaidi ya ekari 100. Je, eneo hilo lipo kabla hujakutana na kisima cha jirani, au kilima cha jiwe tupu?

Jirani aliye mita 200 naye umpigie hesabu, kwa kanuni ya Theis ya mwaka 1935, inayokadiria maji yanavyoshuka mbali na kisima kinachopampuliwa. Baada ya siku 100 za kupampu 34 kwa siku bila mvua, S ikiwa 0.001, maji yake yanashuka mita 7.5. S ikiwa 0.02, hahisi chochote. Namba moja tuliyoibahatisha imegeuza jibu lote. Njia ya kuipata ni kupima usawa wa maji kwenye kisima cha jirani wakati wa jaribio lako. Muombe ruhusa mwenye kisima na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), weka kamba ya kupimia, acha kijana mmoja aandike kila nusu saa.

Kama una visima vingi au vijito, hamia kwenye MODFLOW, programu ya bure ya Marekani inayoiga mwendo wa maji ya chini kwa kuigawa ardhi katika vyumba. Weka vyumba vidogo karibu na shimo, vikubwa mbali, na kwanza hakikisha inarudisha majibu ya Theis kwenye hali rahisi. MODFLOW haijui mkazo wa mwamba. Hatua ya 5 na 6 bado utazifanya mwenyewe, kisha uiambie T mpya ya vyumba vya karibu.

Hatua ya 8: Siku ya kazi

Mjulishe Ofisa wa Maji wa Wilaya mapema. Tumia maji safi yaliyotiwa klorini, kamwe usitumie ya bwawa la ng'ombe. Kizibo kikae angalau mita 10 chini ya mwisho wa keisingi. Kwetu ni mita 43. Toa hewa yote kwenye bomba, maana hewa iliyobanwa inaruka kama risasi kiungo kikikatika. Hakuna mtu kusimama mstari mmoja na hosi.

Andika presha kila sekunde 10. Ikipanda kisha ikaanguka ghafla, jiwe limepasuka. Ikipanda polepole na kulala tambarare karibu na namba za ufa uliopo, umefungua ufa wa zamani, na hilo ndilo unalotaka. Isipopanda kabisa, ama kizibo kinavuja ama ufa tayari unakula maji yote. Maji yakitokea kando ya keisingi, zima mara moja, hapo hapo.

Zima pampu baada ya kiasi ulichopanga. Presha inaanguka hatua moja, kisha inashuka taratibu. Namba ya pale inapopinda, ukiongeza bar 4.6, ndiyo mkazo halisi unaofunga ufa. Iweke kwenye jedwali badala ya makisio ya hatua ya 5. Sukuma mara ya pili: kama mara ya kwanza jiwe lilipasuka, tofauti kati ya presha ya kwanza na ya pili ni nguvu ya jiwe lako. Ikiwa namba ya kufunga iko karibu na 12.4, ufa umelala, na hofu ya kupanda kuelekea vyoo inapungua.

Hatua ya 9: Pima tena

Safisha kwa kompresa mpaka maji yawe meupe. Kisha rudia jaribio la hatua ya 3 vilevile: 0.4 kwa saa, saa 24. Badilisha R kwenye jedwali mpaka mshuko wa hesabu ulingane na uliopimwa. Ikitoka mita 2, kisima kinatoa jerikeni 46, na pampu ya mkono ya U2 inaridhika. Weka silinda kama mita 45, juu ya ufa, maji yasije yakashuka chini ya ufa.

Peleka sampuli ya kwanza maabara kwa bakteria, chuma na floraidi kabla ya kamati ya watumiaji maji kufungua kisima. Chukua ya pili baada ya mvua kubwa za kwanza, kwa sababu ndipo vyoo vinapovuja. Ikitoka na bakteria ilhali ya kwanza ilikuwa safi, funga kisima siku hiyo hiyo na urudi kwenye mchoro wa hatua ya 2.